Injini Iliyopoa na Choki Isiyofungwa: Istilahi za Kuwasha Injini Wakati wa Baridi

Mji mdogo wa Bukene, katika Wilaya ya Nzega, hauna theluji wala hautazamii kuwa nayo. Uko juu ya uwanda wa Unyamwezi, zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, kando ya reli itokayo Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928. Hata hivyo, alfajiri ya Juni na Julai joto hushuka huko hadi kukaribia nyuzi 15 za Selsiasi, na mwenye pikipiki anayewahi abiria wa kwanza hupiga kiki mara kumi au zaidi kabla injini haijaitika. Jambo hilo ni dogo kwa mtu asiye na haraka. Kwa mhudumu wa kituo cha afya anayekwenda kumchukua mzazi kijijini, si dogo hata kidogo.

Tumeichagua Bukene kwa makusudi. Tulikuwa tukipitia rasimu ya tafsiri ya kitabu cha maelekezo cha pikipiki ya magurudumu manne, aina ile ambayo katika nchi za baridi kali hufungwa bamba mbele ikasukuma theluji barabarani na nyuani. Wako wasemaji wa Kiswahili wengi siku hizi huko Kanada, na katika majimbo ya Marekani kama Maine na Minnesota, ambao mashine hizo ni sehemu ya kazi zao. Sura iliyotushughulisha kuliko zote ni ile ya kuwasha injini wakati wa baridi. Tulipoisoma tuliona kwamba kosa litakalompotosha msomaji wa Minnesota litampotosha pia yule wa Bukene, maana kabureta ni ile ile, plagi ni ile ile, na lugha ni moja. Tofauti ni kwamba Bukene wako mafundi na madereva ambao wamekwisha kuyapatia mambo hayo majina kwa Kiswahili, na mfasiri asiyeyajua majina hayo huyatunga upya, mara nyingi vibaya.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini baridi huisumbua injini, kwa kuwa istilahi haziwezi kupangwa kabla ya jambo lenyewe kueleweka. Petroli iliyo majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa imekwisha kupata moto, mchanganyiko ufaao ni karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Lakini chuma kikiwa baridi, petroli nyingi hugandamana na kuta za njia yake badala ya kugeuka mvuke, na kinachoifikia cheche ya plagi ni hewa tele na mvuke haba. Dawa yake ni kuzidisha petroli au kupunguza hewa kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo kazi ya choki. Pamoja na hayo, oili iliyopoa huwa nzito na kuifanya injini iwe ngumu kuzunguka, na betri nayo hupungukiwa nguvu, kwani mmenyuko wa kemikali ndani yake huenda polepole katika baridi. Kwenye baridi ya kugandisha maji na kuzidi, betri inaweza kubakiwa na nusu tu ya nguvu zake. Bukene haifiki huko, ila betri iliyochakaa haingoji theluji ili ikatae kazi.

Sasa tuje kwenye rasimu. Kosa la kwanza lilikuwa katika kichwa cha maelekezo yenyewe. Mtungaji wa asili alitofautisha mambo mawili: injini ambayo haijafanya kazi kwa saa nyingi, na hali ya hewa ya baridi kali. Mfasiri aliyaandika yote mawili "wakati wa baridi". Msomaji wa Minnesota hatadhurika sana, kwa sababu kwake mambo hayo mawili hukutana miezi mingi ya mwaka. Lakini mpeleke msomaji huyo Bukene mwezi wa Oktoba, mchana ukipita nyuzi 30 na hata usiku ukiwa na fukuto. Akisoma kwamba choki hutumika "wakati wa baridi", ataiacha. Pikipiki iliyolala usiku kucha itamgomea, naye hataelewa kwa nini, kwa kuwa injini, kwa maana ya mtengenezaji, ni baridi hata Oktoba. Ubaridi wake hupimwa kwa kulinganishwa na joto lake la kazi, si kwa ngozi ya mwendeshaji.

Mafundi hawana tatizo hili. Wao husema "gari likilala linasumbua kuwaka", au "mashine imepoa". Hapo maneno mawili mazuri yamekaa tayari yakitungoja. Tunapendekeza "injini iliyopoa" liwe ndilo neno la vitabu kwa injini ambayo haijawashwa kwa muda mrefu hadi joto lake likalingana na la hewa iliyoizunguka, na "injini iliyolala" liruhusiwe katika maelezo ya kawaida. "Injini baridi" tusilitumie, kwani msomaji hulichanganya upesi na hali ya hewa. Kwa hali ya hewa yenyewe tuseme "baridi kali" na tutaje nyuzi. Neno "kipupwe" lisitumiwe kwa majira ya theluji. Kipupwe ni baridi yetu ya katikati ya mwaka, yenye umande na upepo, na mtu wa Bukene akiambiwa abadilishe oili yake "kabla ya kipupwe" ataibadilisha Mei, ilhali mtengenezaji alikuwa akizungumzia maziwa yanayoganda.

Jambo la pili ni choki, na hapa tutakawia kidogo, kwa sababu ndipo hasara kubwa ilipo.

Kuhusu neno lenyewe hatuna ubishi. Wako watakaotaka litafsiriwe kwa kufuata maana ya asili yake ya kigeni, na wakifanya hivyo watafika kwenye kukaba roho au kupaliwa, maneno ya msibani na ya mezani, si ya gereji. Njia hii ya kutoka Tabora kwenda Nyanza ilipitisha misafara kwa miaka mingi kabla ya reli, na wapagazi na virangozi wake waliyapa majina mambo ya safari yao pasipo baraza lolote kuketi. Mafundi nao wamefanya vivyo hivyo. "Choki" limeingia, limekubali kanuni za sauti zetu, na hata mtoto aliyezaliwa kando ya gereji analijua. Mwalimu wa shule ya ufundi ajihadhari tu na "chaki" yake anapoandika ubaoni.

Ubishi uko kwenye vitenzi. Rasimu ilisema: "Funga choki, kisha washa injini. Injini ikipata moto, fungua choki." Kwa mhandisi sentensi hizo hazina kosa. Katika kabureta nyingi choki ni kilango kidogo kwenye mdomo wa hewa. Kikifungwa, hewa hupungua na mchanganyiko huwa mzito kwa petroli. Kufunga choki, basi, ni kuifanya itende kazi. Lakini mwendeshaji hakioni kilango hicho. Anachokiona ni kijiti cha kusogeza au kitufe cha kuvuta, naye amezoea kwamba kitu kikifungwa kimeacha kazi, kama bomba la maji au redio. Akiambiwa "funga choki" huirudisha nyuma, yaani huiondoa. Anapiga kiki mpaka mguu unauma. Kisha, injini ikiwaka kwa bahati, anaambiwa "fungua choki", naye anaiweka. Sasa injini iliyokwisha kupata moto inalishwa petroli kupita kiasi, plagi inalowa na kuwa nyeusi, moshi unatoka, mashine inazimika. Akiendelea hivyo kwa siku kadhaa, petroli huikosha oili kwenye kuta za silinda, na chuma husagana na chuma.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni kumfundisha mwendeshaji maana ya kihandisi. Tungekubali, kama maana hiyo ingekuwa moja. Haiko moja. Zipo kabureta ambazo kile kiitwacho choki si kilango cha hewa hata kidogo, bali ni njia ya ziada ya petroli yenye kizibo chake. Mwendeshaji akivuta kijiti, kizibo huinuka na njia hufunguka. Kwa hiyo katika aina moja ya pikipiki kuiweka choki ni kufunga, na katika nyingine kuiweka ni kufungua, na zote mbili huegeshwa kijiweni pamoja. Kitenzi "funga" na mwenzake "fungua" havina budi kuondoka katika maelekezo ya mwendeshaji. Vibaki katika vitabu vya mafundi, na huko navyo vishikamane na kilango au kizibo, si na choki: "funga kilango cha hewa", "fungua kizibo cha petroli".

Badala yake tuweke nini? "Vuta" ni neno la vijiweni na ni zuri, ila halifai kwa mashine ambazo kijiti chake husukumwa juu au chini. "Toa choki" linasikika mara nyingi, nalo ni la hatari kuliko yote: mmoja huelewa kuiondoa, mwingine huelewa kukitoa nje kitufe, ambako ndiko kuiweka. Baada ya kuyapima hayo, tunaona "weka choki" na "rudisha choki" ndiyo yafaayo. "Weka" tayari hutumika kwa gia, na hakuna dereva anayelielewa kinyume. "Rudisha" humwambia mtu kwamba kuna mahali pa kawaida ambapo kijiti kilikuwa, na kwamba choki ni jambo la kitambo tu. Mfasiri aongeze pale pale mkono unafanya nini kwenye mashine hiyo hasa: juu, chini, kuvuta au kusukuma. Pikipiki na magari ambayo petroli yake huingizwa kwa pampu na kompyuta hayana choki ya mkono, na mfasiri asimtafutie mwendeshaji kitu ambacho mashine yake haina.

Watumishi wa serikali watuvumilie tukigusa barua zao. Sentensi "gari haliwaki" huandikwa mara nyingi sana katika maombi ya vipuri, na haimwambii mpokeaji karibu chochote. Ziko hali mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza, injini haizunguki kabisa, au huzunguka kwa uvivu. Hapo shaka huangukia betri, waya, stata au oili iliyo nzito mno. Ya pili, injini inazunguka vizuri lakini haishiki moto. Hapo huchunguzwa petroli, plagi, cheche na choki. Mwandishi wa barua akisema "haizunguki" au "inazunguka lakini haiwaki", amemwokolea fundi safari moja, na pengine ameiokolea ofisi bei ya betri ambayo haikuhitajika. Tofauti hiyo ihifadhiwe pia katika tafsiri. Na neno "kushtua", ambalo mafundi hulitumia kwa kuliwasha gari kwa kulisukuma au kwa kuazima umeme wa betri nyingine, tunaliona halali kabisa, mradi mfasiri aeleze ni njia ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu ya pili isipofuata utaratibu wake huweza kuilipua betri.

Kuhusu kupasha injini moto, tumekuta neno moja la kutisha. Rasimu ilimtaka mwendeshaji "achemshe injini kwa dakika chache kabla ya kuondoka". Sote tunajua gari lililochemsha ni lipi: limesimama kando ya barabara, boneti iko juu, na dereva anatafuta maji. Kuchemsha ni ugonjwa. Kinachotakiwa ni "kupasha". Mpishi yeyote anaijua tofauti ya kupasha na kuchemsha, na haijulikani kwa nini huisahau anapokuwa mfasiri.

Wakati wa kupasha, injini hunguruma polepole bila mwendeshaji kugusa mafuta. Hali hiyo mafundi wa Tanzania huiita "sailensa". Wengine hudhani neno hilo ni la bomba la moshi, na asili yake ya kigeni inawaunga mkono. Lakini sikiliza gereji: "halikai sailensa", maana yake ni kwamba gari huzimika likiachwa lingurume lenyewe. Neno limehamia maana nyingine, na huko limepata makao. Sisi hatutalirudisha kwao. Katika kitabu cha maelekezo, hata hivyo, "mngurumo wa chini" ni salama zaidi, kwa kuwa msomaji wa Mombasa au wa Lubumbashi huenda asiijue sailensa yetu.

Lipo onyo moja ambalo tafsiri yake mbaya inaweza kuua, nalo limo karibu katika kila kitabu cha aina hii. Rasimu ilisema: "Usiwashe injini mahali pasipo na hewa." Tujiulize ni nani atakayelitii onyo hilo. Pikipiki nyingi hulala sebuleni kwa kuogopewa wezi. Asubuhi ya baridi mwenyewe huiwasha humo humo, mlango ukiwa umerudishwa, watoto wakiwa bado mkekani, ili ipate moto kabla hajaitoa. Akisoma maneno yale atajibu moyoni kwamba sebuleni mwake kuna hewa, kwani yeye mwenyewe anapumua. Na kweli anapumua. Tatizo ni kile anachokipumua: kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kumlevya mtu hadi akapoteza fahamu. Tena injini iliyowekewa choki huitoa kwa wingi zaidi, kwa sababu petroli imezidi hewa na haiungui yote. Hapa mfasiri hana ruhusa ya kufuata ufupi wa asili. Aandike: "Usiwashe injini ndani ya nyumba, banda au gereji, hata kama mlango na madirisha yamefunguliwa. Isukume nje kwanza." Sentensi imekuwa ndefu, lakini sasa inaitambua sebule.

Oili nayo ina mtego wake. Kwenye kopo huandikwa alama kama 10W-30, 15W-40 au 20W-50. Herufi W hutokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na nambari iliyo mbele yake hueleza jinsi oili inavyomudu kuizungusha injini katika baridi kali. Ikiwa ndogo zaidi, oili hubaki nyepesi katika baridi iliyo kali zaidi. Nambari ya mwisho huhusu mnato wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Alama hizo zisitafsiriwe wala zisigeuzwe herufi. Oili ya 20W hujaribiwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa hiyo alfajiri ya Bukene haiitishi. Lakini katika Minnesota ya Januari haitoshi, na huko 10W au chini yake ndiyo hutakiwa. Oili yenye nambari moja tu, kama ile iitwayo namba 40, haikupewa kipimo chochote cha baridi. Na mfasiri asiite kila kitu "mafuta". Petroli na dizeli ni mafuta, oili ni mafuta, hata samli ni mafuta. Agizo la "kupunguza mafuta" likiachwa peke yake laweza kumfanya mtu amwage oili ya injini.

Tuliahidi kulisema lile bamba la theluji. Rasimu ililiita "plau ya theluji", kwa kuwa lugha ya asili hutumia neno lile lile kwa jembe la kukokotwa na kwa kifaa hiki. Kwetu plau hupindua udongo ukae tayari kwa mbegu, na mkulima wa Nzega anayelima kwa ng'ombe atauliza nini kitapandwa kwenye theluji. Kifaa hiki hakipindui kitu. Hukwangua na kusukuma kando, kama afanyavyo greda barabarani baada ya masika. Tunapendekeza "bamba la kusukumia theluji", na katika maelezo ilinganishwe na greda.

Imebaki dizeli, ambayo Bukene huijua zaidi kwa mashine za kusaga kuliko kwa magari. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la mamia ya nyuzi, na dizeli ikipulizwa humo huwaka yenyewe. Silinda ikiwa imepoa, chuma huiba joto hilo, na mwenye mashine huzungusha hendeli mpaka jasho limtoke asubuhi ya baridi, foleni ya kina mama ikingoja na ndoo za mahindi. Baadhi ya injini za dizeli huwekewa kijiti cha umeme kinachotangulia kuipasha silinda joto. Nacho huitwa plagi, wakati hakitoi cheche, na hapo fundi mgeni huagiza kipuri kisicho chake. Tunapendekeza "plagi ya cheche" kwa petroli na "plagi ya joto" kwa dizeli, na neno "plagi" peke yake liachwe kwa mazungumzo. Taa ya dashibodi yenye umbo la waya uliojiviringa ni ya plagi ya joto. Dereva huwasha swichi, hungoja taa hiyo izimike, ndipo apige stata. Katika rasimu mbili tulizozipitia, maneno "hungoja taa hiyo izimike" yalikuwa yametafsiriwa "huizima taa hiyo", na hakuna swichi ya kuizimia.